Kamera ya bei rahisi yaweza kuona jengo likiyumba. Swali ni nani atasikiliza

Kila masika yanapokaribia, mjadala wa majengo hatari hurudi mezani. Maafisa hutoka na rangi nyekundu, alama ya X huchorwa ukutani, mwenye nyumba hupiga simu huku na kule. Baada ya wiki kadhaa ukuta unapakwa rangi upya na mpangaji mwingine anaingia na godoro lake. Mvua ikipita, na mjadala nao hupita.

Hatuwezi kusema hatujui mwisho wa hadithi hii. Usiku wa Aprili 29, 2016, jengo la ghorofa sita lilianguka mtaani Huruma, Nairobi, baada ya mvua kubwa, na watu wapatao 50 wakapoteza maisha. Iliripotiwa baadaye kwamba jengo hilo lilikuwa limeshatajwa kuwa si salama. Mwaka uliofuata, mwezi Juni 2017, daraja la Sigiri kule Busia lilivunjika likiwa bado linajengwa, siku chache tu baada ya Rais wa wakati huo kulitembelea. Visa hivi viwili vina sababu tofauti, lakini vina funzo moja. Kuangalia kwa macho, hata yakiwa macho ya mkubwa, hakutoshi.

Wahenga walituambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakutuambia ni nani anayepaswa kuupima ufa, kwa kifaa gani, na matokeo yakabidhiwe nani. Kwa miaka mingi jibu la serikali zetu limekuwa kwamba vifaa vya kupimia mitikisiko ya majengo na madaraja ni ghali, na wataalamu ni wachache. Jibu hilo lilikuwa na ukweli wake. Leo limeanza kuchakaa, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi hiyo sasa inaweza kufanywa kwa kamera ya kawaida ya video, ya aina ile ile inayotumiwa kurekodi harusi.

Ngoma ikilegea, sauti hushuka

Tuanze na jambo ambalo wengi hatulifikirii. Hakuna jengo wala daraja lililosimama kimya kabisa. Upepo wa kusi ukivuma, lori likipita, jenereta ikinguruma, hata watu wakipanda ngazi kwa pamoja, muundo wote huyumba kidogo na kurudi. Kuyumba huko si dalili ya ubovu. Ndivyo zege, chuma na mbao zinavyobeba mzigo.

Kila muundo una kasi yake ya kuyumba, kama vile kila ngoma ilivyo na sauti yake. Wahandisi hutumia kanuni ya haraka: gawanya 10 kwa idadi ya ghorofa, utapata takriban mara ngapi jengo huyumba kwa sekunde. Jengo la ghorofa kumi huenda na kurudi kama mara moja kwa sekunde. La ghorofa tano, kama mara mbili. Ni makadirio tu, maana jengo la kuta nene hutofautiana na lile la nguzo nyembamba, lakini yanatosha kuanzia.

Mpiga ngoma yeyote wa huku kwetu anajua kwamba ngozi ikipata unyevu na kulegea, sauti hushuka, na ndiyo maana ngoma huota moto kabla ya kupigwa. Jengo nalo ni hivyo hivyo. Nguzo zikipasuka, nondo zikiliwa na kutu, au msingi ukilegea, muundo hupoteza ugumu wake na kasi ya kuyumba hupungua. Hesabu yake ni hii: ugumu ukipungua kwa asilimia 20, kasi ya kuyumba hupungua kwa takriban asilimia 10. Jengo lililokuwa likiyumba mara 2 kwa sekunde litaonekana likiyumba kama mara 1.8. Macho hayawezi kuona tofauti hiyo. Kipimo kinaweza.

Kwa hiyo kinachotafutwa si namba moja ya ajabu inayosema jengo hili ni zima au bovu. Kinachotafutwa ni kumbukumbu. Ukilipima jengo likiwa jipya, ukalipima tena baada ya mwaka, baada ya mafuriko, baada ya jirani kuchimba msingi wake, unapata historia. Mabadiliko katika historia hiyo ndiyo yanayopiga kengele.

Kamera inaonaje kile ambacho jicho halioni

Kwa desturi, mhandisi hubandika vihisio ukutani au chini ya daraja, anavuta nyaya, na wakati mwingine anafunga barabara. Njia nyingine ni mtambo wa leza ambao huelekezwa kwenye muundo kutoka mbali. Mtambo huo ni sahihi sana, na bei yake huhesabiwa kwa mamilioni ya shilingi. Kamera ya video huchukua njia ya tatu.

Picha ya video ni wavu wa vidoti vidogo vinavyoitwa pikseli. Tuseme umeiweka kamera juu ya stendi ya miguu mitatu, ukaivuta lenzi hadi ikaona upana wa mita 4 tu wa ukingo wa daraja. Kama video ina pikseli 3,840 kwa upana, kila pikseli moja inawakilisha takriban milimita 1 ya daraja. Lori zito likipita na ukingo ukashuka milimita 6, alama uliyoichagua kwenye picha itahama pikseli 6. Programu ya kompyuta huifuata alama hiyo fremu baada ya fremu na kuchora mstari wa kupanda na kushuka.

Uzuri zaidi ni kwamba programu haikomei kwenye pikseli nzima. Inalinganisha jinsi mwanga na kivuli vinavyohama kati ya pikseli na pikseli, na kwa picha safi inaweza kutambua mwendo ambao ni sehemu ndogo tu ya pikseli moja. Hapo ndipo kamera ya kawaida inapoanza kuona yasiyoonekana.

Mwaka 2012 watafiti wa chuo cha MIT nchini Marekani walichapisha mbinu ya kukuza mwendo mdogo ndani ya video. Walionyesha mapigo ya moyo yakibadilisha rangi ya uso wa mtu, jambo ambalo jicho haliwezi kuliona, na wakamwonyesha mtoto mchanga aliyelala kwa namna ambayo kupumua kwake kulionekana wazi. Mwaka uliofuata wakaiboresha mbinu hiyo. Haikuchukua muda wahandisi wa ujenzi katika chuo hicho hicho wakaelekeza kamera kwenye majengo. Wakiwa umbali wa zaidi ya mita 150, walipima mtikisiko wa mnara ulio juu ya jengo refu la chuo chao. Baadaye wakapiga video ya daraja la chuma la Memorial huko Portsmouth, jimbo la New Hampshire, na kupima jinsi lilivyotikisika.

Nchini Uingereza, watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter walitumia kamera ndogo ya GoPro, ile wanayoifunga wanamichezo kifuani au kwenye kofia, kupima daraja la waenda kwa miguu mjini mwao. Kamera ilifuatilia sehemu kadhaa za daraja na nyaya zake kwa wakati mmoja. Hilo ndilo jambo ambalo kihisio kimoja hakiwezi. Kihisio kinajua mahali kilipobandikwa tu. Kamera inaona muundo mzima ulio mbele yake.

Video ilianza kutoa ushahidi zamani

Asidhani mtu kwamba wazo hili limezaliwa juzi. Novemba 7, 1940, daraja la Tacoma Narrows katika jimbo la Washington, Marekani, lilipinda kama utepe kwenye upepo wa wastani na kuanguka, miezi minne tu baada ya kufunguliwa. Tunajua vizuri jinsi lilivyojipinda kwa sababu kulikuwa na watu ufukweni wakilipiga filamu. Filamu hiyo ingali inafundishwa kwa wahandisi hadi leo.

Juni 10, 2000, jiji la London lilifungua daraja jipya la waenda kwa miguu juu ya mto Thames, Daraja la Milenia. Maelfu ya watu walimiminika siku ya kwanza, na daraja likaanza kuyumba ubavuni kiasi kwamba watu walishika vyuma ili wasianguke. Baada ya siku mbili likafungwa. Wahandisi walizitazama upya video za siku hiyo, wakakadiria kwamba lilikuwa likienda upande hadi kama milimita 70, na wakaona jambo la kushangaza: watu, katika kujaribu kusimama wima, walikuwa wakilandanisha hatua zao na mwendo wa daraja, na kwa kufanya hivyo wakalisukuma zaidi. Daraja lilifungwa vizuia mtikisiko na kufunguliwa tena mwaka 2002.

Sisi wa Mombasa tuna sababu ya kulisoma kisa hicho kwa makini. Hapa kwetu kivuko cha Likoni hubeba umati mkubwa kila asubuhi na jioni, na wakati wa korona tuliona daraja la kuelea la Liwatoni likijengwa kwa haraka ili umati huo upite kwa miguu. Mpango wa daraja kubwa la Mombasa Gate, litakaloruka mkono wa bahari kati ya kisiwa na Likoni, umezungumzwa kwa miaka. Siku likijengwa, litakuwa refu na jepesi kuliko chochote tulichonacho, na litasimama mbele ya upepo wa bahari. Litahitaji kupimwa tangu siku ya kwanza, na vipimo vyake visifungiwe kwenye kabati la mkandarasi.

Wapi kamera itafaa hapa Pwani

Kwanza ni madaraja. Daraja la Nyali la sasa, la zege, limekuwa likibeba Kaskazini yote tangu mwaka 1980, lilipochukua nafasi ya lile la kuelea la mwaka 1931. Aliyekwama kwenye foleni juu yake anajua jinsi gari linavyopanda na kushuka taratibu lori likipita kando. Kuhisi hivyo hakumaanishi kwamba daraja ni bovu, na ni kosa kumtisha abiria bila sababu. Lakini swali la raia ni halali: kiasi linachoshuka leo ni kile kile cha miaka kumi iliyopita? Swali hilo halijibiwi kwa hisia za dereva wa matatu wala kwa kauli ya msemaji. Linajibiwa kwa kulipitisha lori la uzito unaojulikana, kulipiga video daraja kutoka ufukweni, na kulinganisha na kipimo kilichotangulia. Hali ni hiyo hiyo kwa daraja la Kilifi lililofunguliwa 1991, la Mtwapa, na lile jipya la Makupa.

Wahandisi wana vipimo vya kulinganishia. Kanuni moja inayotumika sana inasema daraja la magari lisishuke zaidi ya sehemu 1 ya 800 ya urefu kati ya nguzo na nguzo. Kwa nafasi ya mita 40, hiyo ni milimita 50. Kamera ya simu nzuri, ikiwa imetulia, inaweza kuona sehemu ndogo sana ya kiasi hicho.

Pili ni vitu virefu na vyembamba: minara ya simu, nguzo za taa, matangi ya maji yaliyoinuliwa juu ya vyuma katika shule na hospitali, na yale mabango makubwa ya matangazo kando ya barabara. Hivi huyumba sana na kwa utaratibu, kwa hiyo ni rahisi kupimwa kwa video. Na ndivyo vinavyoliwa haraka na chumvi ya bahari. Chuma kinachokaa miaka 20 bila tatizo Nakuru hakina ahadi hiyo Likoni.

Tatu ni Mji wa Kale, hapa Mombasa na Lamu. Nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, zenye dari za boriti, hazikujengwa kwa ajili ya malori. Kuta zake ni nzito na fupi, hivyo mtikisiko wake ni mdogo mno kwa kamera ya bei rahisi. Lakini kamera hiyo hiyo ina kazi nyingine pale: kupiga picha kutoka mahali pale pale, kwa lenzi ile ile, kila mwezi, ili kuona kama ukuta unaegemea au ufa unapanuka. Makumbusho ya Kitaifa yana ofisi yake ya uhifadhi wa Mji wa Kale wa Mombasa, na Lamu imo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2001. Kumbukumbu za picha za namna hii zingewapa wahifadhi silaha dhidi ya mwenye ploti anayesema nyumba ya jirani ilikuwa imeshapasuka kabla hajaanza kuchimba.

Mahali kamera inapokwama

Ni wajibu kusema pia yale ambayo kifaa hiki hakiwezi, kwa sababu hapa Kenya tuna ugonjwa wa kununua mashine na kuiita suluhisho.

Jengo la kawaida la kukodisha la ghorofa nne au tano, lililoshikana na wenzake huko Kisauni au Magongo, huyumba kwa sehemu ndogo sana ya milimita siku isiyo na upepo. Kamera ya simu haitaona chochote. Itahitajika lenzi nzuri, programu bora na mtu anayejua anachofanya, au vihisio vidogo vya kubandika ambavyo navyo sasa vimeshuka bei. Kamera si jibu la kila kitu.

Halafu kuna ubovu usiojionyesha kwa mtikisiko. Zege lililochanganywa na mchanga wa chumvi na saruji kiduchu linaweza kusimama likiwa gumu kiasi cha kudanganya kipimo, kisha likavunjika ghafla siku mzigo ukizidi. Kuvunjika kwa namna hiyo hakutoi onyo refu. Dawa yake ni ukaguzi wakati wa ujenzi, kupima zege kabla ya nguzo kupanda, na kuhesabu nondo kabla hazijafunikwa. Wala huhitaji kamera ya utafiti kugundua kwamba mwenye jengo aliyepewa kibali cha ghorofa nne yuko kwenye ya saba. Hizo zinahesabika kwa kidole ukiwa barabarani.

Hali ya hewa nayo hudanganya. Adhuhuri ya Mombasa, joto linalopanda kutoka kwenye lami huifanya picha icheze kama maji, na programu itadhani daraja ndilo linalocheza. Kipimo kizuri huchukuliwa alfajiri au wakati wa mawingu. Upepo ukiitikisa stendi ya kamera, muundo wote utaonekana unatikisika. Ndiyo maana lazima ndani ya picha kuwe na kitu kisichohama, kama mwamba au jengo la mbali lililotulia, ili mtikisiko wa kamera yenyewe uondolewe kwenye hesabu. Simu nyingi husoma picha mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, jambo linalopotosha mwendo wa haraka. Ile huduma ya simu ya kutuliza picha inayotikisika ni lazima izimwe, la sivyo simu itafuta ushahidi unaoutafuta. Na kamera inayopiga fremu 30 kwa sekunde haiwezi kusoma mtikisiko unaozidi mara 15 kwa sekunde.

Tena jua, mvua na mzigo wa watu hubadilisha kasi ya kuyumba kwa jengo lililo zima kabisa. Kipimo kimoja kilichopungua si hukumu. Ndiyo maana narudia neno kumbukumbu: vipimo vingi, kwa miezi, vikisomwa na mhandisi aliyesajiliwa.

Anayepima, na anayepimwa

Hapa ndipo suala linapoacha kuwa la ufundi na kuwa la haki.

Mpangaji wa chumba kimoja leo hana ushahidi wowote mkononi. Akisema ngazi zinatikisika, mwenye nyumba humjibu kwamba kama haridhiki ahame. Akienda kwa chifu, hutumwa kaunti. Kaunti humwambia aandike barua. Video iliyopimwa vizuri inaweza kubadilisha mazungumzo hayo. Inaweza pia kumgeukia. Kaunti ikipata namba zinazotia shaka, njia rahisi kwake ni kuleta askari alfajiri na kuwatoa watu nje, bila notisi ya maana, bila kurudishiwa kodi na amana zao, bila mahali pa kulala. Familia inayojua kwamba matokeo ya kipimo ni kulala nje itaificha nyufa kwa pazia. Sitailaumu.

Kwa hiyo upimaji wowote usioambatana na mpango wa makazi ya muda utapingwa na wale wale unaotaka kuwaokoa. Katiba yetu, kifungu cha 43, inazungumzia haki ya makazi ya kutosha. Nyumba inayoweza kukuangukia haitoshi. Na kufukuzwa kwenye nyumba hiyo bila pa kwenda hakutoshi pia. Gharama ya kuwahamisha watu wa jengo bovu imwangukie kwanza aliyekuwa akikusanya kodi ndani yake.

Kuna suala la faragha. Kamera inayoelekezwa kwenye ghorofa inaelekezwa pia kwenye madirisha ya vyumba vya watu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 ipo, na wakazi wana haki ya kujua nani anawarekodi, kwa muda gani, na video itafutwa lini. Bahati nzuri kazi hii haihitaji nyuso za watu. Inahitaji kona ya paa, ukingo wa zege, alama iliyopakwa rangi ukutani.

Kuna na suala la usalama. Wapwani tunajua jinsi askari anavyomkaribia mtu anayeinua simu kivukoni au karibu na bandari. Mwanafunzi wa uhandisi anayesimamisha kamera akilielekezea daraja la Nyali kwa saa mbili atakuwa na mengi ya kueleza kituoni. Kama tunataka vijana wetu waijifunze kazi hii, kuwe na kibali kinachoeleweka, kinachotolewa kwa siku chache, si kwa kujuana.

Kinachoweza kuanza bila kusubiri wafadhili

Nchi imeshapata kanuni mpya za ujenzi, zilizoanza kutumika Machi 2025 na kuzipisha zile za 1968 zilizopitwa na wakati. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi ipo kisheria tangu 2011. Kaunti zina mamlaka ya kusimamisha ujenzi haramu. Tunachokosa si sheria. Tunachokosa ni kipimo cha kawaida, cha kila mara, kinachoonekana na wote.

Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko hapa hapa Tudor. Wanafunzi wa uhandisi wanahitaji miradi ya mwaka wa mwisho kila mwaka. Kamera mbili, lenzi, stendi na kompyuta ndogo haviwezi kufikia bei ya gari moja la afisa wa kaunti, na programu nyingi za kuchambua video zinapatikana bila malipo. Kila kundi la wanafunzi lipewe daraja moja au tangi moja, lipime mwanzoni mwa kusi na mwanzoni mwa kaskazi, na liwaachie wanaofuata kumbukumbu zake. Baada ya miaka mitano tungekuwa na kitu ambacho hakuna mfadhili anayeweza kutuletea kwa ndege: historia ya miundo yetu wenyewe.

Kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale zianze na mali za umma. Kabla ya kumgusa mwenye nyumba binafsi, zipime matangi ya shule, majengo ya zahanati, na minara ya masoko. Serikali ikionyesha matokeo ya nyumba yake kwanza, itakuwa na uso wa kubisha hodi kwa jirani.

KeNHA, inayosimamia barabara kuu za taifa, itoe kwa umma ripoti za ukaguzi wa madaraja ya Pwani kwa lugha ambayo dereva wa tuktuk anaweza kuielewa: lini lilikaguliwa, lilishuka kiasi gani chini ya mzigo, lini litakaguliwa tena. Isipofanya hivyo kwa hiari, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa raia yeyote haki ya kuomba. Wakazi waitumie. Barua moja ya kikundi cha mtaa, yenye tarehe na nakala iliyogongwa muhuri, ina uzito kuliko malalamiko elfu ya WhatsApp.

Na sisi wakazi tunaweza kufanya jambo dogo kuanzia leo, bila programu yoyote. Ukiona ufa kwenye nguzo au kwenye ngazi, chora mstari wa penseli kuukata katikati, andika tarehe, weka sarafu au rula kando yake kupimia ukubwa, piga picha. Rudia kila wiki ukiwa umesimama mahali pale pale. Ufa usiobadilika kwa miezi sita ni habari moja. Ufa uliopanuka kwa wiki mbili ni habari nyingine, na huo haungoji barua: toa watoto nje kwanza, kisha piga simu.

Agosti 14, 2018, daraja la Morandi mjini Genoa, Italia, lilianguka na kuua watu 43. Italia haikosi wahandisi wala vifaa, na wasiwasi kuhusu daraja hilo ulikuwa umezungumzwa kwa miaka. Kujua peke yake hakukuwaokoa. Hivyo nasi tukinunua kamera, tukapima, tukachora michoro mizuri, kisha ripoti ikalala kwenye droo ya ofisi kusubiri uchaguzi upite, tutakuwa tumejipatia njia ya kisasa zaidi ya kupuuza onyo. Kabla ya kamera ya kwanza kuelekezwa kwenye daraja au ghorofa, kaunti ituambie jambo moja kwa maandishi: namba zikishuka, nani anapaswa kuchukua hatua, na ndani ya siku ngapi.